Mkono Uliochelewa Kufika

Tarehe 11 Juni 1938, katika nyumba ya kupanga namba 39 Elsworthy Road, kaskazini mwa London, mzee wa miaka 82 alimjibu mwenzake aliyekuwa amemwandikia kuhusu kuhama kwake. Mzee huyo ni Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi, na alikuwa na siku 5 tu tangu akanyage Uingereza. Aliyemwandikia ni Raymond de Saussure, mchanganuzi wa nafsi wa Geneva na mtoto wa Ferdinand de Saussure, yule mwanaisimu ambaye wanafunzi wa lugha katika vyuo vyetu hukutana na jina lake mapema kabisa. Freud alimwambia kwamba kuna jambo moja hakuligusa, na ndilo linalomuuma mhamiaji kwa namna ya pekee: kupotelewa na lugha aliyoishi na kufikiri ndani yake, lugha isiyoweza kubadilishwa kwa nyingine hata mtu ajitahidi vipi. Akaeleza jinsi Kiingereza kinavyomponyoka pale anapokihitaji, na jinsi upande ule wa nafsi usiosikia hoja unavyogoma kuuacha mwandiko wa Kigothi aliouzoea. Kisha akaongeza mambo mawili yanayovutana: kwamba ameambiwa mara nyingi yeye si Mjerumani, na kwamba yeye mwenyewe amefurahi kutolazimika tena kuwa Mjerumani.

Nimesoma barua nyingi za watu waliokimbia makwao. Wengi huililia nyumba, au makaburi ya wazazi, au chakula. Huyu anautaja mkono wake. Mwili umevuka bahari, umepewa chumba na bustani na madaktari, lakini mkono ukishika kalamu unaandika kana kwamba bado uko Vienna.

Mwandiko alioutaja ni ule wa zamani wa Kijerumani, uliofundishwa katika shule za Austria na Ujerumani katika karne ya 19. Herufi zake zina ncha kali na zimelala upande, na macho yaliyozoea herufi za Kirumi hupotea humo upesi: ‘e’ hufanana na ‘n’, na ‘u’ huwekewa kijikunjo juu ili isichanganywe na jirani zake. Freud aliusomea utotoni. Kwa mwandiko huo alimwandikia Martha Bernays mamia ya barua katika miaka 4 ya uchumba wao, na kwa mwandiko huo alijaza karatasi kubwa ambazo baadaye zilikuwa vitabu. Nyingi ya hati zake leo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington, na Wajerumani wengi wa sasa hawawezi kuusoma mwandiko wa namna hiyo mpaka wafundishwe.

Pwani yetu inalielewa jambo hili bila kuelezwa sana. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa, na shule za wakoloni zilipoleta herufi za Kirumi, wazee waliokuwa wakiandikiana barua, mikataba na tenzi walijikuta wakihesabiwa pamoja na wasiojua kusoma. Elimu yao haikupungua hata chembe. Ni dunia iliyowazunguka iliyoacha kuusoma mkono wao.

Kisa cha mwandiko wa Freud kina mwisho mchungu ambao mwenyewe hakuishi kuuona. Tarehe 3 Januari 1941, waraka uliotiwa saini na Martin Bormann kwa niaba ya Hitler ulitangaza kwamba herufi za Kigothi, zile ambazo watu wengi walizihesabu kuwa ndizo sura yenyewe ya Ujerumani, kwa kweli ni herufi za Kiyahudi, na kwamba ziachwe. Baadaye mwaka huohuo shule zikaagizwa ziache kuufundisha pia mwandiko wa mkono wa zamani. Dai hilo la asili ya Kiyahudi lilikuwa uongo mtupu. Sababu inayotajwa zaidi ni ya kiutawala: watu wa nchi zilizotekwa hawakuweza kusoma matangazo ya watawala wao. Lakini tazama walivyochagua kuisema. Utawala uliomfukuza Freud kwa damu yake ulikuja kuyafukuza maandishi ya aina yake kwa shtaka lilelile, na mamilioni ya watoto wa Kijerumani wakafundishwa kuuacha mwandiko ambao mzee Myahudi, akiwa ugenini, mkono wake ulikataa kuuacha.

Jinsi alivyoondoka Vienna inajulikana. Majeshi ya Hitler yaliingia Austria tarehe 12 Machi 1938. Siku 3 baadaye watu wenye silaha walifika Berggasse 19, nyumba aliyokaa tangu 1891, na wakaondoka na schilling 6,000. Tarehe 22 Machi binti yake Anna alichukuliwa na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, na kuhojiwa kutwa nzima. Freud alikuwa na desturi ya kuandika matukio ya siku kwenye karatasi kubwa, mstari mmoja au hata maneno mawili matatu kwa kila tukio, na siku hiyo aliandika tu kwamba Anna yuko kwa Gestapo. Baba aliyekaa saa zote hizo bila kujua kama mwanawe atarudi hakuongeza hata neno moja la kujieleza. Mtu aliyeishi kwa kuwasikiliza wengine wakisema kila kitu, siku iliyomtisha kuliko zote aliipa maneno yasiyojaza kiganja.

Baada ya siku hiyo alikubali kuhama. Marafiki wenye uzito walihangaika: Ernest Jones huko London, Princess Marie Bonaparte wa Paris, na William Bullitt, balozi wa Marekani nchini Ufaransa. Wanazi walidai kodi ya kuihama nchi, Reichsmark 31,329, na Bonaparte ndiye aliyeilipa. Tarehe 4 Juni Freud, mkewe Martha, Anna, mtumishi wao Paula Fichtl na daktari mmoja walipanda treni. Usiku wa kuamkia tarehe 5 wakavuka mto Rhine kuingia Ufaransa, wakapumzika Paris nyumbani kwa Bonaparte, na asubuhi ya tarehe 6 wakashuka kituo cha Victoria.

Iko hadithi inayopendwa sana kuhusu safari hiyo. Inasemwa kwamba kabla ya kuondoka alitakiwa kutia saini hati ya kukiri kwamba ametendewa vyema, naye akaongeza chini yake sentensi ya kuisifia Gestapo kwa kila mtu. Hati hiyo ilipokuja kuonekana miaka mingi baadaye, ilikuwa na saini peke yake. Naelewa kwa nini watu waliipenda hadithi hiyo. Tunataka mwenye akili amshinde mwenye bunduki, japo kwa mstari mmoja. Mimi naipenda zaidi karatasi kama ilivyo. Mzee alikuwa na familia ya kuvusha mpaka. Alitia saini akanyamaza, na kunyamaza huko kuliokoa watu.

Siku ileile ya kufika London alimwandikia Max Eitingon, rafiki na mwanafunzi wake wa miaka mingi, ambaye naye alikuwa amekwisha kuhamia Palestina. Alimwambia kwamba furaha ya kuwa huru imechanganyika mno na huzuni, maana pamoja na yote, gereza alilotolewa bado alilipenda sana. Kwa miongo mingi Freud aliilalamikia Vienna: ubaridi wa chuo kikuu chake, dharau kwa Wayahudi, udaku wa watu wake. Hakuwahi kuusifia mji huo bila kusitasita. Sasa mji umemtema, na ndipo anapokiri kwamba aliupenda. Na hakutumia neno la kupamba. Aliuita gereza, na katika sentensi hiyohiyo akasema anaupenda.

Isidhaniwe kwamba alifika Uingereza kama mtu aliyetupwa mahali asipopajua. Alianza kumsoma Shakespeare akiwa mtoto. Alikwenda Manchester kuwatembelea kaka zake wa kwa baba akiwa na miaka 19, na mwaka 1880 alilipwa kutafsiri maandishi ya John Stuart Mill kwa Kijerumani. Mtoto wake mmoja alimpa jina la Oliver kwa kumkumbuka Cromwell. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wagonjwa na wanafunzi wake wengi walikuwa Wamarekani na Waingereza, na alifanya nao kazi kwa Kiingereza saa nyingi kila siku. Kiingereza alikijua vizuri kuliko wengi wetu tutakavyowahi kukijua. Ndiyo maana malalamiko yake ya tarehe 11 yana uzito: hayatoki kwa mtu asiyeijua lugha, yanatoka kwa mtu anayeijua vya kutosha kupima umbali kati ya lugha ya kufanyia kazi na lugha ya kuotea ndoto.

Na Waingereza walimpokea kwa heshima ambayo Vienna haikuwahi kumpa. Maua yalijaa nyumbani. Barua zilizoandikwa juu yake ‘Dr. Freud, London’ bila anwani nyingine zilimfikia bila kukawia. Tarehe 23 Juni wajumbe wa Royal Society, chama cha wanasayansi, walikibeba kitabu chao cha saini hadi nyumbani kwake kwa kuwa hakuwa na afya ya kwenda, akaandika jina lake katika kitabu kilekile chenye saini za Newton na Darwin. Hata hapo mkono wake ulihitaji kujifunza upya. Siku chache baadaye alimwandikia mwandishi Arnold Zweig kwamba ameambiwa katika nchi hii ni malodi tu wanaotia saini kwa jina la ukoo peke yake. Kwa miaka mingi alikuwa ‘Freud’ chini ya barua. Sasa akaanza kuandika na jina la kwanza, kwa kifupi, mbele yake. Kitu kidogo, bila shaka. Lakini ugeni wa mtu mzima umejengwa kwa vitu vidogo vya namna hii, na ndivyo vinavyochosha.

Kulikuwa na uzito mwingine ambao maua hayakuweza kuufunika. Dada zake wanne, wote wazee wa zaidi ya miaka 70, walibaki Vienna: Rosa, Marie, Adolfine na Pauline. Yeye na ndugu yake Alexander waliwaachia schilling 160,000 za kuwatunza, na haikupatikana njia ya kuwatoa. Wote wanne waliangamia mikononi mwa Wanazi miaka michache baada ya Freud kufa. Hakujua yatakayowapata. Lakini alijua waliko, na kila asubuhi ya Juni ile, pale bustanini Elsworthy Road, uhuru wake ulikuwa na watu wanne ndani yake ambao hawakuwa huru.

Siku 5 baada ya barua kwa Saussure, tarehe 16 Juni, Freud aliandika kipande kingine, safari hii si barua. Ni kimoja kati ya vijipande vifupi alivyoviandika kiangazi hicho, mawazo ambayo hayajapata kitabu cha kuingia. Vilichapishwa mwaka 1941, baada ya kifo chake. Katika kile cha tarehe 16 anasema kwamba tunapokutana na mambo ya mwanzo kabisa ya maisha, hisia zote tulizokuwa nazo juu yake hubaki, pamoja na zile zinazopingana, wakati katika mambo ya ukubwani nafsi huamua na moja hushinda. Anaeleza kwamba mtoto hana bado nguvu ya kuziunganisha hisia zake ziwe kitu kimoja. Ni sentensi chache kavu, lugha ya kitaalamu, hakuna London ndani yake wala treni wala Vienna.

Sitadai kwamba kipande hicho kinahusu uhamisho. Kinahusu utoto, na aliyekiandika alikuwa ametumia miaka zaidi ya 40 akiutafakari utoto. Hata hivyo nakisoma nikiwa na zile barua mbili mezani, ya tarehe 6 na ya tarehe 11, na siwezi kuzitenganisha. Tarehe 6: nimefurahi, na nalilia gereza langu. Tarehe 11: nimepotelewa na lugha yangu, na nimefurahi kuacha kuwa Mjerumani. Tarehe 16: ziko hali ambamo hisia zinazopingana hudumu bega kwa bega bila moja kuishinda nyingine. Mtu aliyefika ugenini akiwa na miaka 82 anarudishwa pale mtoto alipo: hajui mitaa, hajui kutia saini kwa adabu ya wenyeji, maneno yanamponyoka, anategemea mikono ya wengine. Naamini nafsi yake nayo ilirudishwa hapo, mahali ambapo hukumu haijatolewa, na kwamba mwanasayansi ndani yake aliliona jambo hilo kwa mtoto kwa sababu wiki hiyo lilikuwa likimtokea yeye.

Ninalisema hili kwa sababu jinsi tunavyowapokea waliokimbia inanihuzunisha. Nchi zetu zimepokea watu wengi. Tanzania iliwapokea Warundi mwaka 1972 na tena 1993, Wanyarwanda mwaka 1994, na Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika hadi kambi ya Nyarugusu; Kenya ina Kakuma na Dadaab. Tumetoa ardhi na chakula, na hilo ni jema lisilopaswa kubezwa. Lakini mkimbizi akitamka mbele yetu kwamba anaikumbuka nchi iliyotaka kumuua, tunamuuliza mbona asirudi. Akisema ugali wa hapa haufanani na wa kwao, tunamwona hana shukrani. Afisa anayemhoji anataka kisa kilichonyooka: kule kubaya, hapa kuzuri. Mwenye kisa kinachopinda hushukiwa kuwa mwongo. Freud alikuwa na jina kubwa, kwa hiyo aliweza kuandika kwamba analipenda gereza lake na hakuna aliyemnyang’anya kibali cha kukaa. Mama aliyevuka ziwa na watoto watatu ana nafsi yenye vyumba vilevile, na hakuna anayemruhusu kuvifungua vyote.

Freud mwenyewe hakukubali kuwa mgeni wa kushukuru tu. Katika utangulizi mpya alioandika London mwezi huohuo wa Juni kwa kitabu chake kuhusu Musa, aliisifu Uingereza kwa moyo mweupe, kwamba humo anaweza kuvuta pumzi, kusema na kuandika atakavyo. Kisha akakimaliza kitabu ambacho watu kadhaa, Wayahudi wenzake wakiwamo, walimsihi asikitoe, kinachosema Musa alikuwa Mmisri. Kikachapishwa Amsterdam mwaka 1939. Mtu anaweza kubishana na kitabu hicho, na mimi sehemu kubwa yake hainishawishi. Bado ni tendo la mtu ambaye uhuru aliopewa aliutumia kusema alichofikiri, ingawa wenyeji wake na Wayahudi wenzake wangependa azungumze jambo jingine.

Mwezi Novemba 1938 gazeti la kila wiki la London, Time and Tide, lilimwomba aandike kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi. Alijibu kwa barua. Alisema alifika Vienna akiwa na miaka 4, na baada ya miaka 78 ya kazi akalazimika kuondoka, akiwa ameona chama cha kisayansi alichokianzisha kikivunjwa, taasisi zake zikiharibiwa, nyumba yake ya uchapishaji ikichukuliwa, vitabu vyake vikikamatwa, wanawe wakifukuzwa kazini. Kisha akamuuliza mhariri: je, kurasa hizo hazipaswi kuachiwa watu wasio Wayahudi, wasioguswa na jambo hili kama alivyoguswa yeye? Kwangu hilo ndilo jibu kubwa kuliko yote aliyoyatoa Uingereza. Waliofanyiwa ubaya wasiachiwe peke yao kazi ya kuueleza. Wenyeji nao wana kalamu.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuhamia Maresfield Gardens, nyumba yake ya mwisho, baada ya upasuaji mwingine wa saratani ya kinywa iliyomtesa tangu 1923. Tarehe 7 Desemba mafundi wa BBC walifika hapo kurekodi sauti yake. Alikuwa ameandaa maneno machache kwa Kiingereza, kwa mkono wake. Anasimulia humo alivyoanza kama daktari wa mishipa ya fahamu, alivyogundua mambo mapya kuhusu sehemu ya nafsi isiyojitambua, gharama aliyoilipa, wanafunzi aliowapata, na kwamba vita bado havijaisha. Kifaa cha bandia kinywani kinamkwaza. Kila neno analivuta kwa nguvu. Mwishoni anasema kwamba akiwa na miaka 82 ameiacha nyumba yake ya Vienna kwa sababu ya uvamizi wa Wajerumani na kuja Uingereza, ambako anatumaini kuyamaliza maisha yake akiwa huru. Miezi 6 ilikuwa imepita tangu ashuke Victoria, na alikuwa amebakiwa na isiyozidi 10. Vienna bado aliiita nyumbani, na Uingereza aliichagua iwe mahali pa kufia.